Moshi wa Sigara na Mimea ya Nyumbani

Mtu apitaye katika mitaa ya nje ya mji wa Dar es Salaam, kama vile Kinondoni, Mwananyamala, Tandika au Mbagala, ataona jambo moja la kupendeza, nalo ni kwamba nyumba nyingi, hata zile zisizo na kiwanja cha kutosha tuta moja, zina mimea. Imepandwa katika makopo ya rangi, ndoo zilizotoboka, mabeseni ya zamani na vyungu vya kununua. Barazani kuna mawaridi na asumini; uani kuna mrehani, nanaa, mchaichai, pilipili na miche michache ya nyanya; na siku hizi hata ndani ya vyumba huwekwa mimea ya majani mapana kwa ajili ya pambo. Kando ya Barabara ya Bagamoyo wako watu ambao kazi yao yote ni kuotesha miche na maua na kuwauzia wapitao, na watoto wao husoma kwa fedha hiyo.

Katika nyumba hizo hizo wamo wavuta sigara. Tumesikia mara nyingi watu wakibishana barazani kwamba, je, moshi wa sigara wadhuru mimea au haudhuru? Wako wasemao kwamba moshi na majivu ni samadi, na mmea uliozoea moshi hunenepa. Wako wasemao kwamba mmea hula moshi na kuisafisha hewa ya chumba, basi mwenye kuweka ua mezani aweza kuvuta apendavyo, wala mtoto aliyelala kitandani asipate dhara. Na wako wasemao kwamba moshi huua mmea papo hapo. Maneno hayo matatu hayawezi kuwa kweli yote. Na kwa kuwa jambo lenyewe lagusa mfuko wa muuza miche, na chai ya nanaa, na pumzi ya mtoto, tumeona yafaa tulieleze kwa urefu kidogo.

Kwanza yatupasa kujua mmea hupumuaje. Mmea hauna pua wala mapafu. Katika jani, aghalabu upande wa chini, kuna vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu, na kila kitundu kina midomo miwili ifumbayo na kufumbuka. Penye mwanga mimea mingi hufungua midomo hiyo ikaingiza hewa ya ukaa, ambayo ndiyo hutengenezea chakula chake, ikatoa oksijeni na mvuke wa maji. Mlango ukiwa wazi, hauchagui mgeni. Kilichomo hewani chaweza kuingia pamoja na kile kinachotakiwa. Na moshi wa sigara si kitu kimoja. Wenye elimu wamehesabu ndani yake kemikali zaidi ya 7,000, na katika hizo zisizopungua 69 zajulikana kuwa husababisha saratani kwa watu. Kwa habari ya mimea hatuna haja ya kuzitaja zote; zatutosha gesi moja, masizi, na sumu ya tumbaku yenyewe.

Gesi hiyo huitwa ethilini. Jina ni geni, lakini kazi yake bibi zetu waliijua kabla ya vitabu. Ndizi mbichi zikivundikwa katika shimo, zikafunikwa kwa majani na kutiwa moshi kidogo, huiva upesi na kwa pamoja. Wachuuzi wa Mabibo, katika soko liitwalo Mahakama ya Ndizi, hawana haja ya kufundishwa na mtu kwamba ndizi moja iliyoiva huzihimiza nyingine. Watu wengi walidhani kwamba ni joto la shimo lifanyalo kazi hiyo. Kumbe joto husaidia tu. Mwenye kazi ni ethilini, ambayo imo katika moshi, na ambayo tunda lenyewe huitoa linapoanza kuiva.

Habari hii ilijulikana katika elimu ya mimea kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1901 mwanafunzi mmoja wa St. Petersburg katika nchi ya Urusi, jina lake Dimitry Neljubow, alikuwa akiotesha njegere katika chumba cha giza cha chuo chao. Akaona njegere zake hazisimami, bali zalala upande, na mashina yao ni mafupi na manene. Alipozipeleka penye hewa ya nje, zikasimama kama kawaida. Wakati ule nyumba zilimulikwa kwa taa za gesi, akachunguza mpaka akajua kwamba katika gesi ile iliyovuja ni ethilini ipindayo njegere. Kisha mwaka 1924 Bwana Denny wa Marekani alionyesha kwamba malimau ya California, ambayo watu waliyaivisha katika vyumba vyenye majiko ya mafuta ya taa, hayakuivishwa na joto la jiko bali na ethilini iliyomo katika moshi wake. Wakulima wa mananasi huko Puerto Rico nao walikuwa na desturi ya kufukiza mashamba yao ili mananasi yatoe maua mapema, na mwaka 1932 ikathibitika kwamba siri ya moshi ule ni gesi ile ile. Na mwaka 1934 Bwana Gane wa Uingereza akathibitisha kwamba tofaa lililoiva hutoa ethilini yenyewe bila ya moshi wo wote.

Basi moshi wa sigara nao unayo ethilini, kama moshi wa kuni, mkaa na mafuta ya taa. Mmea upatao gesi hii kwa wingi hudanganyika. Huona kana kwamba umri wake umekwisha: majani hugeuka manjano kabla ya wakati wake, huanguka, vichwa vya maua hupukutika kabla ya kufunua, na ua lililofunua hunyauka siku chache kabla ya ada yake. Kwa sababu hiyo wenye kusafirisha mawaridi kutoka Arusha na Naivasha kwenda Ulaya hawataki kuyaweka pamoja na matunda yaliyoiva, wala hawapendi moshi wa namna yo yote karibu na vyumba vyao vya baridi. Maua yaliyozeeka njiani hayana bei.

Lakini tusizidishe. Sigara moja ivutwayo barazani, penye upepo wa bahari upitao Kinondoni jioni, haiwezi kuudhuru mwaridi kiasi cha kuonekana. Gesi huchukuliwa na upepo. Habari ni nyingine katika chumba cha kupanga, chenye dirisha moja lililofungwa kwa ajili ya mbu na wezi, na pazia zito mlangoni, na mtu avutaye humo sigara baada ya sigara mpaka usiku. Humo gesi hukaa pamoja na mmea. Mwenye nyumba akiona maua yapukutika, asimlaumu mvuta sigara peke yake. Aangalie pia kama jiko la mkaa au la mafuta ya taa huwashwa humo, na kama sahani ya ndizi mbivu au mapapai imekaa meza moja na ua. Twawajua watu waliotupa maua yao wakidhani yamerogwa, na kumbe yalikuwa jirani ya mkungu wa ndizi.

Hapa yafaa kulitaja ua moja ambalo ni la nchi yetu wenyewe, ingawa wengi wetu hawalijui. Katika milima ya Usambara, penye miamba yenye kivuli na unyevu, huota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani katika wilaya ile, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona akapeleka Ujerumani, na mwaka 1893 bwana Hermann Wendland akauandika katika elimu na kuupa jina la Saintpaulia. Tangu hapo umeenea ulimwenguni, na leo ni mmoja wa mimea ya madirishani ipendwayo kupita yote katika Ulaya na Marekani. Wenye kuufuga huko wanajua sana kwamba hauvumilii ethilini. Petali zake huanguka zingali nzuri. Tena majani yake, kwa kuwa yana manyoya, hayawezi kupanguswa kwa kitambaa kibichi kama majani mengine. Majivu na masizi yakiingia katika manyoya yale hukaa humo, na dawa yake ni brashi laini kavu, polepole, kama mtu apanguavyo vumbi kwenye kofia ya sherehe.

Habari ya masizi ni fupi. Moshi ukituama chumbani huacha utando wa manjano, mzito na wenye kunata, juu ya kuta, mapazia na majani. Jani lenye utando lapata mwanga mchache, na vumbi hushikamana nalo zaidi. Mwenye mimea ya majani laini na mapana na ayapanguse kila juma kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi. Akiona kitambaa kimekuwa cha rangi ya chai, atajua ni kitu gani kilichomo katika chumba chake.

Sasa tuseme habari ya sumu ya tumbaku, yaani nikotini. Mtumbaku haukuumbwa na nikotini kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Ni silaha yake ya kuwafukuza wadudu watakao kula majani yake. Mkulima wa Urambo au Kaliua avunaye majani mabichi yenye umande huijua silaha hiyo, kwa maana humpata kizunguzungu na kutapika. Ni nikotini ipitayo katika ngozi yake. Zamani watu wa Ulaya walichemsha tumbaku wakanyunyiza maji yake juu ya mimea ili kuua vidukari, au walifukiza moshi wake katika nyumba za vioo. Hapo ndipo palipozaliwa neno la kwamba moshi wa sigara ni dawa ya mimea. Ni kweli kwamba nikotini huua vidukari. Lakini huweza kumwua na mtu pia, na ile ichemshwayo jikoni haina kipimo. Hatushauri mtu ye yote kufanya hivyo, hasa juu ya mboga au pilipili, na hasa penye watoto. Vidukari katika kopo moja la mrehani huondoka kwa maji yenye sabuni kidogo, yakirudiwa mara mbili au tatu.

Walakini mmea waweza kupata nikotini bila ya kunyunyiziwa. Kwa miaka mingi wapima vyakula wa Ulaya walistaajabu kuona nikotini katika majani ya chai, viungo na dawa za miti shamba, ijapokuwa wakulima waliapa kwamba hawakutumia dawa hiyo. Mwaka 2015 Bwana Dirk Selmar na wenzake wa Braunschweig, Ujerumani, walitangaza uchunguzi wao juu ya nanaa. Waliweka tumbaku ya sigara juu ya udongo wa nanaa, na nanaa nyingine wakaitia katika moshi wa sigara. Baada ya siku chache walikuta nikotini ndani ya majani kwa njia zote mbili, kwa kuwa mizizi iliinyonya kutoka udongoni na majani yaliipata hewani. Ile iliyowekewa tumbaku juu ya udongo ilizidi mara kadhaa kipimo kilichoruhusiwa na nchi za Umoja wa Ulaya. Baadaye kipimo kilipungua kadiri siku zilivyopita, maana mmea huivunja sumu hiyo polepole.

Twataka msomaji alitafakari neno hili kwa utulivu, bila ya hofu ya bure. Hatusemi kwamba mtu anywaye chai ya nanaa kutoka kopo la uani atakufa. Lakini katika nyumba nyingi kopo la nanaa au la mchaichai ndilo lililo karibu na kiti cha mvuta sigara, nalo hutumika kuwa sahani ya majivu. Asubuhi mama huchuma majani yale yale akachemsha chai ya nyumba nzima, na mtoto akaipata kikombeni. Mmea wa kuliwa haufai kuwa jaa la tumbaku.

Na hapa twafika kwenye vipisi. Wavuta sigara wengi hufikiri kwamba kipisi kitaoza kama karatasi na kuwa samadi. Sivyo. Kichungi cha sigara si pamba. Ni nyuzi za namna ya plastiki, nazo hukaa udongoni kwa miaka. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, watu wengi waliacha mifuko, lakini ni wachache waliokumbuka kwamba kipisi nacho ni ndugu yake. Mwaka huo huo wa 2019 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza, wakiongozwa na Bibi Dannielle Green, walichanganya vipisi na udongo wa kuoteshea nyasi na klova, ambayo ni majani ya malisho ya jamii ya kunde. Mbegu za klova zilizoota zilipungua kwa sehemu 27 katika kila mia. Urefu wa machipukizi ukapungua kwa sehemu 28 katika mia. Na uzito wa mizizi ukapungua kupita nusu. Nyasi nazo zilipungua, ila si kwa kiasi kile. Tena hata vichungi visivyovutwa vilileta dhara. Basi mwenye kusema kwamba vipisi ni samadi amejibiwa.

Na majivu je? Majivu ya sigara, kama majivu ya kuni, huufanya udongo upoteze ukali wake wa asili na kuuongezea chumvi. Katika shamba kidogo hakidhuru. Katika kopo la lita moja, ambalo halina mahali pa kupeleka chumvi hiyo, kidogo cha kila siku huwa kingi.

Tumeacha mwisho jambo ambalo kwa muuza miche ni kubwa kuliko yote tuliyoyasema, nalo halimo katika moshi kabisa, bali katika vidole.

Wasomaji wetu wa mashambani waujua ugonjwa wa mihogo uitwao batobato, ambao uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 huko huko Usambara. Tumbaku nayo ina batobato yake. Mwaka 1886 Bwana Adolf Mayer, aliyefanya kazi Wageningen katika nchi ya Uholanzi, alionyesha kwamba maji ya jani lenye ugonjwa yakitiwa katika mtumbaku mzima, nao huugua. Mwaka 1892 Bwana Ivanovsky wa Urusi aliyachuja maji yale kwa kichujio cha kauri kizuiacho bakteria wote, na bado yaliambukiza. Mwaka 1898 Bwana Beijerinck wa Uholanzi akasema kwamba hiki si kijidudu cha namna iliyojulikana, ni kitu kipya. Ndipo elimu ya virusi ilipoanza. Mwaka 1935 Bwana Wendell Stanley wa Marekani alikitoa kirusi hicho kikiwa kama chembe za chumvi katika chupa, na mwaka 1946 alipewa tuzo ya Nobel. Hivi ndivyo ilivyo: elimu yote ya virusi, ambayo kwayo watu wamejua habari za ndui, surua na UKIMWI, ilianzia katika jani la tumbaku lenye madoa.

Kirusi hiki ni kigumu kufa. Tumbaku yaweza kukaushwa, kukatwakatwa, kuviringwa katika karatasi na kukaa dukani miaka, nacho kikawa kizima ndani yake. Moto hukiua, kwa hiyo moshi haukichukui. Lakini vidole vishikavyo sigara, vidole vitiavyo ugoro puani, na vidole viviringavyo msokoto hukichukua. Tuseme mtu amevuta sigara yake asubuhi, kisha akaenda kitaluni kuatika miche ya nyanya na pilipili. Kila mche aushikao huvunjika vinywele vidogo vya shina, na kupitia vidonda hivyo visivyoonekana kirusi huingia. Hakuna haja ya mdudu kukibeba, mkono watosha. Kabla ya saa sita mchana mtu mmoja aweza kuwa ameishika miche mia tano.

Dalili zake hazionekani siku ile. Baada ya siku kadha majani machanga hutoka na mabaka, hapa kijani kibichi, hapa kijani kilichofifia. Hukunjamana, na pengine huwa membamba kama majani ya jimbi. Mche hudumaa. Ukizaa, matunda ni machache, na mengine yana madoa ya kahawia. Nyanya, pilipili, bilinganya na maua ya petunia yote ni ya ukoo mmoja na tumbaku, nayo ndiyo yapatwayo zaidi. Mnunuzi aliyekwisha kulipa fedha yake hurudi baada ya mwezi mmoja akiwa na hasira, wala harudi mara ya pili. Muuza miche naye hajui alikosea wapi, maana mbegu zilikuwa njema, maji yalikuwapo, na samadi ilikuwa ya kutosha.

Haki yatutaka tuseme upande wa pili. Si kila jani lenye mabaka limeguswa na mvuta sigara. Batobato ya mihogo huletwa na nzi weupe na kwa kupanda vipande vya mhogo mgonjwa, wala sigara haihusiki nayo hata kidogo. Nyanya zina ugonjwa mwingine wa majani kukunjamana na kuwa manjano, nao pia huletwa na nzi weupe. Na iko batobato ya nyanya, ndugu wa ile ya tumbaku, iwezayo kuja katika mbegu zenyewe hata kwa mtu asiyejua tumbaku. Ndiyo maana twasema mkulima achunguze kabla ya kumfukuza kibarua.

Dawa ya kuuponya mche ulioambukizwa haipo. Hung'olewa pamoja na mizizi yake, ukachomwa au ukafukiwa mbali, usitupwe katika shimo la samadi. Kinga ipo, nayo ni rahisi: asivute mtu wala asitie ugoro ndani ya kitalu, na avutaye nje anawe mikono kwa sabuni na maji mengi, asugue na kucha, kabla ya kugusa mche. Wako wakulima wa nchi nyingine wachovyao mikono katika maziwa ya unga yaliyokorogwa katika maji, na jambo hili si ushirikina, maana utomvu wa maziwa hushikamana na kirusi na kukizuia. Visu na mikasi visafishwe kwa sabuni, kisha vichemshwe katika maji yatokotayo barabara. Nguo ya kazi iliyobeba paketi ya sigara mfukoni ifuliwe. Mwenye kitalu asione haya kuwaambia haya hata wateja, kwa maana mteja naye hupenda kushikashika majani kabla ya kununua.

Twarudi kwa wale wasemao kwamba mmea huisafisha hewa ya chumba. Neno lao lina asili. Mwaka 1989 Bwana Wolverton na wenzake wa shirika la NASA la Marekani waliweka mimea katika masanduku madogo yaliyofungwa pande zote, wakatia mvuke wa kemikali kadha, na mvuke ukapungua. Magazeti yakalitangaza jambo hilo pote, na wauza maua wakafurahi. Lakini chumba cha mtu si sanduku lililofungwa. Mwaka 2019 Bwana Cummings na Bwana Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, waliyakusanya majaribio mengi ya namna hiyo wakafanya hesabu. Wakaona kwamba ili mimea iisafishe hewa kwa kadiri ile ile ifanyavyo hewa ipitayo katika jengo kwa kawaida, ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 katika kila mita moja ya mraba ya sakafu. Katika chumba cha kupanga cha Temeke, chenye kitanda, kabati na meza, mtu atailaza wapi mimea hiyo, na yeye mwenyewe atalala wapi?

Basi ua lililo mezani halimkingi mtoto. Mtoto huvuta pumzi mara nyingi kuliko mtu mzima, na mapafu yake yangali yakikua. Moshi wa sigara humzidishia pumu, homa ya mapafu na maumivu ya masikio, na kwa mtoto mchanga huweza kuleta kifo cha ghafula usingizini. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni 1 ni watu wasiovuta, ambao walikaa tu karibu na wavutao. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 imekataza kuvuta katika mahali pa watu wote ila palipotengwa. Lakini sheria haiingii katika chumba cha mtu usiku. Humo mwenye chumba ndiye hakimu. Wala kufungua dirisha hakutoshi, ingawa ni bora kuliko kulifunga. Mahali pa sigara ni nje, mbali na mlango na dirisha, na mbali na makopo ya mboga.

Kama yuko msomaji, au mwalimu mwenye wanafunzi, apendaye kujionea mwenyewe kazi ya ile gesi tuliyoitaja, jaribio lake halina gharama. Aloweke choroko usiku mmoja, kisha azigawe katika sahani tatu zenye kitambaa kibichi. Kila sahani aifunike kwa ndoo yake, mahali penye giza, nje ya nyumba. Ndoo ya kwanza asitie kitu. Ya pili aweke ndani yake ndizi mbili zilizoiva sana. Ya tatu aiingize kwa muda mfupi sigara iwakayo juu ya kifuniko cha kopo, aitoe, aifunike, na afanye hivyo asubuhi na jioni. Baada ya siku tatu au nne afunue zote pamoja. Choroko za ndoo ya kwanza zitakuwa ndefu, nyembamba, zimesimama. Za ndoo ya ndizi zitakuwa fupi, nene, zimepinda shingo, kama njegere za Bwana Neljubow. Za ndoo ya tatu atazilinganisha mwenyewe na zile mbili, aone zimefanana zaidi na zipi. Choroko za ndoo hiyo zisiliwe, na kitambaa chake kitupwe.